Chango Halina Kitabu

MWALIMU: Mheshimiwa diwani, nianze na vitabu. Zahanati zetu zina vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa, na humo mwanamke amegawanywa vizuri sana. Akiwa mjamzito ana Kitabu cha 6. Akienda kujifungua, cha 12. Akishajifungua, cha 13. Akitaka kupanga uzazi, cha 8. Sasa nieleze: msichana wa miaka 17 ambaye kila mwezi analala sakafuni siku 3, anatapika, shule haendi, mimba hana wala haitafuti, huyo yuko kitabu gani?

DIWANI: Cha 5, mwalimu. Wagonjwa wa nje, pamoja na mwenye malaria na aliyejikata panga shambani. Sioni kosa hapo. Mgonjwa ni mgonjwa.

MUUGUZI MSTAAFU: Hicho Kitabu cha 5 nimekijaza mpaka kidole kikaota sugu, kwa hiyo ngoja niwasimulie. Msichana kama huyo wa mwalimu anakuja ameshikiliwa na mama yake. Benchi limejaa na mimi niko peke yangu. Namuuliza, mkojo unachoma? Kidogo. Uchafu unatoka? Kidogo. Naandika maambukizi ya via vya uzazi, nampa antibiotiki, anakwenda zake. Mwezi unaofuata ni yuleyule na tumbo lilelile, naandika tena. Wilayani wakijumlisha wanapata wagonjwa 2 wa maambukizi, wote wametibiwa. Kumbe ni mmoja, na maambukizi hana.

MUUZA DAWA: Na dozi ya tatu anakuja kuinunua kwangu.

DIWANI: Kwa hiyo niiwajibishe serikali kwa sababu nesi aliandika vibaya?

MUUGUZI MSTAAFU: Usinipeleke huko, mheshimiwa. Hilo ndilo ninaloliogopa katika habari hizi zote za kuwajibishana. Wananchi wakichachamaa, wa kwanza kukaangwa ni nesi wa zahanati, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Aliyepanga zahanati iwe na mhudumu mmoja haonekani. Aliyeandaa mtaala wangu wa chuo, ambamo ugonjwa huu ulipita kwa sentensi mbili siku ya Ijumaa mchana, naye haonekani.

DIWANI: Ugonjwa huu, ugonjwa huu. Mseme ni upi. Mimi nimekulia Mpanda, nimesikia chango tangu nikiwa mtoto. Mama zetu walikuwa nalo, wakachemsha mizizi, wakazaa watoto 9.

MWALIMU: Chango ni gunia, mheshimiwa, kila kitu kimetupwa humo. Kuna tumbo la kawaida la siku 1, kuna uvimbe wa kizazi, kuna maambukizi ya kweli. Na humo ndani kuna hii inayoitwa endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba inaota mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye mirija, kwenye utumbo, nyuma ya kibofu. Mwezi ukifika nayo inavimba, inavuja damu, ila damu hiyo haina mlango. Inabaki mle mle, inachoma, inagandisha viungo vishikane. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wanayo, watu wapatao milioni 190. Na linasema toka dalili ya kwanza mpaka mtu aambiwe jina la ugonjwa wake hupita miaka 4 hadi 12. Mimi yangu ilipita 11. Katika hiyo 11 nimetibiwa UTI, amiba na taifodi, na nikatolewa kidole tumbo ambacho hakikuwa na hatia yoyote. Wifi zangu wakasema zaa tu, litaisha.

MUUZA DAWA: Kwetu pia wanasema hivyo. Kwamba mtoto wa kwanza hutoka nalo.

MWALIMU: Sikupata mtoto wa kulitoa nalo. Nilipofunguliwa tumbo huko Mbeya, daktari alikuta kwenye ovari mfuko uliojaa damu nzito, nyeusi kama oili chafu ya gari. Aliponionyesha picha nililia, na wala si kwa huzuni. Nililia kwa kuwa kumbe sikuwa muongo.

DIWANI: Pole sana, mwalimu. Pole ya kweli. Ila niruhusu niseme kama mtu anayekaa kwenye kikao cha bajeti, sio kama ndugu yako. Sensa ya 2012 ilitukuta Katavi tukiwa watu 564,604. Ile ya 2022 ilitukuta 1,152,958. Maradufu na zaidi, ndani ya miaka 10. Wakulima wanakuja, wafugaji wanakuja, wachimba dhahabu wanakuja. Utafiti wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 wameshaanza kuzaa au ni wajawazito. Taifa zima lilikuwa asilimia 27. Tulishika namba moja, na haikuwa namba ya kujivunia. Sasa kuna binti wa miaka 16 kule Mishamo, amejifungua saa 8 usiku, damu haikatiki. Huyo asiposaidiwa, jua halimkuti. Mwenye chango ataumia, nakubali ataumia, lakini kesho yupo.

MWALIMU: Kesho yupo. Hiyo ndiyo sera yetu yote, mheshimiwa, umeisema kwa maneno mawili.

DIWANI: Usiligeuze neno langu.

MWALIMU: Siligeuzi. Mtu ambaye kesho yupo anaweza kusubiri miaka 11, kwa sababu kila kesho atakuwepo. Hafi, kwa hiyo hahesabiwi.

MUUGUZI MSTAAFU: Hapo mwanangu usimrukie. Binti wa Mishamo nimemshika kwa mikono hii, na kuna mmoja aliyenifia. Nataka niseme jambo ambalo wenye kulalamika huwa hawalipendi: serikali ikiamua, inaweza. Utafiti ule alioutaja mheshimiwa ulikuta kina mama 556 wanakufa kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Mpaka Taasisi ya Gates ikampa Rais tuzo, Februari 2025. Unajua kilichofanyika? Vituo vya afya vikajengewa vyumba vya upasuaji. Ukaja mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure, gari linakuja, hata kama ni gari la jirani litalipwa. Na kila mama akifa, kikao. Nani alikuwa zamu, damu ilikuwepo, simu ilipigwa saa ngapi, kwa nini alichelewa. Nimekaa kwenye vikao hivyo nikitoka jasho. Yule marehemu alikuwa na watu wa kumwulizia.

DIWANI: Basi umenitetea, mama. Vipaumbele vinafanya kazi.

MWALIMU: Kilichofanya kazi ni kuhesabu. Angalia, mheshimiwa, nikipiga 115 leo tumbo limenikaba, siwezi kusimama, nitaulizwa nina mimba ya miezi mingapi. Gari ni la mjamzito, la aliyejifungua karibuni na la kichanga. Msamaha wa matibabu ni vivyo hivyo, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawachangii. Nikishika mimba mwili wangu ni wa taifa. Mimba ikitoka, narudishiwa mwili wangu pamoja na bili.

MUUZA DAWA: Hiyo ya bili nimeipenda, samahani.

DIWANI: Kuna CHF, mfuko wa afya ya jamii. Kaya ya watu 6, shilingi 30,000 kwa mwaka. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mambo yanakwenda.

MWALIMU: Mimi ni mtumishi, nina bima ya NHIF, ndiyo maana Mbeya nilifika na nikatibiwa. Mama wa Mwamkulu mwenye kadi ya CHF, kadi yake inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Akipewa rufaa ya kwenda kanda, kuanzia pale ni mfuko wake. Basi la Mpanda kwenda Sumbawanga, la Sumbawanga kwenda Mbeya, pa kulala, chakula cha anayemsindikiza, kisha aambiwe arudi baada ya wiki 3.

MUUZA DAWA: Na mumewe ni mkulima wa tumbaku. Hela inaingia mara 1 kwa mwaka, nusu ni deni la mbolea. Hiyo rufaa ataitunza kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Nimewaona watu wenye rufaa za miaka 2, karatasi imekuwa ya kahawia.

DIWANI: Haya. Sasa tuje kwenye kudai. Mnadai nini hasa? Maana nikifika barazani nikasema nataka mashine ya upasuaji wa matundu madogo wakati kuna zahanati haina kipimo cha presha kinachofanya kazi, watanicheka mpaka mweka hazina.

MWALIMU: Sitaki mashine.

DIWANI: Hutaki?

MWALIMU: Sianzi nayo. Wataalamu wa Ulaya walipotoa mwongozo wao mwaka 2022 walikubali kwamba si lazima mtu apasuliwe ndipo aanze kutibiwa. Ukimsikiliza vizuri, ukampima, ukashuku, unaweza kumwanzishia dawa za maumivu na za homoni. Na dawa za homoni tunazo. Zipo kabatini leo hii, za bure. Unajua ziko chumba gani?

MUUGUZI MSTAAFU: Uzazi wa mpango.

MWALIMU: Kitabu cha 8. Vidonge vilevile, sindano ileile ya miezi 3. Vinatuliza ule utando usivuje. Dawa ya msichana wangu imefungiwa kwenye chumba ambacho akionekana anatoka humo, jioni mtaa mzima wa Makanyagio unajua kwamba ana mwanamume.

MUUZA DAWA: Au matroni anavikuta kwenye sanduku lake bwenini. Hapo aeleze mpaka kesho.

DIWANI: Mwalimu, unanitafutia balaa. Mkoa wa asilimia 45, mimi nisimame Kakese kwenye mkutano wa hadhara niseme wanafunzi wapewe vidonge vya majira? Wazazi watanila nyama. Padri atanitaja, shehe atanitaja. Na kura yangu?

MWALIMU: Aspirini wanapewa wagonjwa wa moyo. Umesikia mtu akiwauliza kama kichwa kinawauma?

DIWANI: Moyo hauna aibu.

MWALIMU: Ndiyo, sasa tumefika. Aibu. Tumekaa hapa tunazungumza idadi ya watu, bajeti na mashine, kumbe kinachozuia dawa iliyopo isimfikie mgonjwa aliyepo ni aibu, na serikali inaikubali hiyo aibu kama vile ni kifungu cha sheria.

MUUGUZI MSTAAFU: Polepole, mwanangu. Vidonge si pipi. Kuna msichana anayeumwa tumbo kwa sababu mimba imetunga nje ya kizazi, ukimpa vidonge ukamrudisha nyumbani umemwua. Kuna mwenye maambukizi ya kweli, hao wapo wengi tu na wanahitaji hiyo antibiotiki. Kuna mwenye presha asiyepaswa kumeza vile vyenye homoni mbili. Lazima apimwe na mtu mwenye muda wa kumpima, na muda ndio bidhaa adimu kuliko zote kule zahanati. Halafu vidonge vinatuliza tu, haviponyi. Akiacha, linarudi. Na mwanamke anayetafuta mtoto utampa vidonge vya kuzuia mtoto?

DIWANI: Hapo hapo, mama. Mtoto. Nikupeni siri ya baraza? Mkija na maumivu ya hedhi, nusu ya madiwani wataangalia simu zao. Mkija na ugumba, kila mtu atakaa sawa. Kila ukoo una bibi aliyerudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Semeni ugonjwa huu unaleta ugumba, na ni kweli unaleta, nitapata kura za kuupitisha.

MWALIMU: Sitaki.

DIWANI: Kwa nini? Ni kweli au si kweli?

MWALIMU: Ni kweli kwa baadhi yetu, na mimi ni mmojawapo. Lakini mheshimiwa, hilo ndilo lililonileta hapa. Ukiniingiza kwa mlango wa uzazi nitatendewa kama mlango wenyewe unavyotaka. Atakayetaka mtoto atasikilizwa. Binti wa miaka 17 anayetaka tu kufanya mtihani wake wa Fizikia ataambiwa asubiri aolewe, tuone. Mtawa wa Kanisa naye? Mama wa watoto 5 ambaye bado analala sakafuni? Nataka kuumwa kwangu kutoshe.

MUUGUZI MSTAAFU: Mimi ningeingia kwa mlango wowote ulio wazi. Nikishakuwa ndani ndipo nibishane kuhusu mlango.

MWALIMU: Na mimi nimeona watu walioingia kwa mlango wa nyuma, mama. Huwa wanapewa kiti cha jikoni mpaka mwisho.

MUUZA DAWA: Kuhusu milango, naomba nikumbushe ya taulo za kike. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani. Tukashangilia. Mwaka 2019 wakairudisha, wakasema bei haikushuka, mlaji hakunufaika. Na ni kweli haikushuka, mimi ndiye nilikuwa nauza. Jumla nilinunua kwa bei ileile, nikauza bei ileile. Ila hakuna mtu hata mmoja, wa halmashauri wala wa wizara, aliyekuja kaunta akaniuliza, kijana, mbona haishuki? Waliniadhibu bila kunihoji. Yaani waliwaadhibu wasichana. Mimi kodi napitisha tu.

DIWANI: Na hilo ni la Hazina, Dodoma. Ndivyo ninavyotaka muelewe. Zahanati na vituo vya afya ni vya halmashauri, chini ya TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni ya Wizara ya Afya. Watumishi wanatoka kwa kibali cha Utumishi. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa. Bajeti ni Hazina. Mtu akinijia kwa hasira, mimi diwani nina kipande hiki tu.

MWALIMU: Hiyo ni danadana. Kila mtu anaugusa mpira mara 1, hakuna anayeudaka. Serikali ilikuwa kule Abuja mwaka 2001, ikakubali pamoja na wenzake kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujafika. Nani alaumiwe, Hazina, Bunge au wizara? Mwaka 2007 tukaridhia Itifaki ya Maputo, ibara ya 14 inataja afya ya wanawake. Waganda walichoka na danadana hiyo, wakaenda mahakamani.

DIWANI: Kushtaki serikali.

MWALIMU: Kushtaki serikali. Mwaka 2011, shirika moja na familia za kina mama wawili waliokufa wakijifungua, Sylvia Nalubowa na Jennifer Anguko. Mahakama ya Katiba ikawatoa nje, ikasema mambo ya bajeti ni siasa. Wakakata rufaa. Mahakama ya Juu ikasema mwaka 2015, rudini mkasikilizwe. Agosti 2020 wakashinda: kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba, na serikali itenge fedha. Na Jennifer Anguko, mheshimiwa, alikuwa mjumbe wa baraza la wilaya yake kule Arua. Diwani kama wewe.

DIWANI: Diwani?

MWALIMU: Diwani.

DIWANI: Hilo sikulijua. Lakini hesabu miaka, mwalimu. 2011 mpaka 2020. Ni miaka 9 ya mawakili. Na katiba yao si yetu. Yetu ya 1977 mambo ya ustawi iliyaweka kwenye sehemu ya malengo, na ibara ya 7 ikasema wazi kwamba sehemu hiyo mahakama haiwezi kuitekeleza. Ukienda Mahakama Kuu utapewa ibara hiyo mlangoni.

MWALIMU: Ipo ya 14, haki ya kuishi.

DIWANI: Ambayo tumeshasema wewe kesho upo.

MUUGUZI MSTAAFU: Jamani.

DIWANI: Namaanisha wakili wa serikali ndivyo atakavyosema. Sisemi mimi. Haya, Kenya wana ibara ya 43, haki ya afya imeandikwa, ya uzazi imetajwa kwa jina. Mwanamke wa Bungoma aliyejifungulia sakafuni alishtaki, mwaka 2018 akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za kule. Vizuri sana. Lakini Njambi Koikai je? Mtangazaji, anajulikana nchi nzima, ana ugonjwa wako huu, umempanda mpaka kifuani, mapafu yanaporomoka. Ibara ya 43 ipo. Alichangiwa na watu ndipo akaenda kupasuliwa Marekani, Atlanta. Juni 2024 akafa. Katiba nzuri ilimsaidia nini?

MWALIMU: Ilimpa sauti. Alipokufa, Kenya nzima ilijua amekufa kwa nini. Huku nani amekufa kwa nini?

MUUGUZI MSTAAFU: Mimi nadhani mahakama ni mbali na Dodoma ni mbali. Zahanati ina kamati ya usimamizi, ina wajumbe wa wananchi, na fedha siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ndiyo inayopitisha mpango. Nimekaa nazo miaka mingi, wajumbe wanapitisha rangi ya ukuta, uzio, tanki la maji. Sijaona hata siku moja mjumbe akiuliza: mbona binti zetu wanarudi kila mwezi na tumbo lilelile? Na wala si kwamba fedha haikutosha kuuliza.

DIWANI: Kwenye fedha, Wilaya ya Tanganyika wana bahati yao. Vile vijiji 8 vya msitu wa Ntakata vinauza hewa ya ukaa, vimejenga zahanati, madarasa, na mkutano wa kijiji ndio unaoamua. Miti inawalipia watu matibabu. Sisi wa manispaa hatuna msitu.

MWALIMU: Na wao wenye msitu, ni nani anayesimama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya baba mkwe wake, kusema fedha ya miti imlipie nauli ya kwenda Mbeya kwa sababu siku zake zinamuua? Atasema ana kichwa. Ndiyo maana nataka karatasi iseme kwa niaba yake. Kitabu kiseme. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kujibu. Naandika barua: katika halmashauri hii, mwaka uliopita, wanawake na wasichana wangapi walirudi zaidi ya mara 3 kwa maumivu ya hedhi, na wangapi walipewa rufaa, na wangapi kati ya hao walifika.

MUUGUZI MSTAAFU: Watakujibu ndani ya siku 30, mwanangu. Watakujibu kwamba hakuna takwimu. Hata hiyo kompyuta ya GoTHOMIS inajua kile tu ninachoiandikia.

MWALIMU: Basi nitakuwa na barua yenye mhuri wa serikali inayosema haitujui. Hiyo nitaitundika ukutani.

DIWANI: Na wewe mtumishi wa umma, mwalimu. Mwajiri wako ni halmashauri ileile unayoiandikia. Umelifikiria hilo?

MWALIMU: Usiku mzima.

DIWANI: Nisikilize vizuri, maana sitaki mtoke hapa mkisema nimekataa. Mimi barazani nikiinuka, swali la kwanza la mwenyekiti litakuwa moja tu: wangapi? Usiniambie asilimia 10 ya dunia. Hiyo ni ya dunia. Watataka wa Mpanda.

MWALIMU: Tuseme wanawake wa Katavi wanaoona siku zao ni 200,000 tu, asilimia 10 yao ni 20,000.

DIWANI: Tuseme. Mkaguzi haandiki tuseme. Sijakataa kwamba wapo, mwalimu. Nasema siwezi kuombea fedha watu ambao hawapo kwenye kitabu chochote, na wewe umeanza mazungumzo haya kwa kunithibitishia kwamba hawapo kwenye kitabu.

MUUZA DAWA: Kwenye kitabu changu wapo.

DIWANI: Kitabu gani, dokta?

MUUZA DAWA: Daftari la madeni. Sikuwa nimeliwaza mpaka mlipoanza kusema mambo ya vitabu. Mimi nakopesha majirani, si wote wana 2,000 mfukoni. Diklofenaki, hiosini, panado. Kuna majina ukifungua kurasa, yanajirudia baada ya siku 28, siku 30. Wale wale. Januari, Februari, Machi. Mmoja nina madeni yake ya miaka 3, toka alipokuwa kidato cha pili. Sasa ameolewa, anakopa kwa jina la mume.

MUUGUZI MSTAAFU: Hee.

DIWANI: Wako wangapi humo?

MUUZA DAWA: Sijawahi kuhesabu. Mtaa wangu tu, wanaojirudia hivyo, ukurasa haupungui watu 6 au 7.

DIWANI: Niletee hilo daftari.

MUUZA DAWA: Hapana, mheshimiwa. Humo kuna wake za watu. Kuna binti wa mwenyekiti wa mtaa. Leseni yangu ni duka la dawa muhimu, na hata isingekuwa leseni, nikilitoa nje nani atakuja tena kaunta kwangu?

MUUGUZI MSTAAFU: Kijana yuko sahihi. Siri ya mgonjwa ni siri, hata kama imeandikwa kwenye daftari la shule lenye picha ya simba.

DIWANI: Mnaona? Mnanitaka nihesabu na mnanificha hesabu.

MWALIMU: Nakili upya. Majina yaache, weka umri na tarehe peke yake. Mimi nitakusaidia Jumamosi, sina kipindi.

MUUGUZI MSTAAFU: Na aulize kwanza wenyewe. Mmoja mmoja, wanapokuja.

MUUZA DAWA: Nitawauliza. Lakini majina nikiyaacha, mwalimu, mimi madeni yangu nitamdai nani?